MUNGU ALIYE MWAMINIFU
Maneno ya katekista katika siku ya jubile, Kasomeno



Nimeagizwa kusema juu ya uaminifu wa Mungu anayetulinda. Zaburi ya 91, ambayo vitabu vya zamani vya Misa viliihesabu kuwa ya 90, wengi wetu tunaisali kabla ya kupanda kamyo ya Lubumbashi, hasa majira ya mvua. Ni zaburi nzuri. Lakini fungueni Injili ya Matayo, sura ya 4, mwone ni nani anayeitaja mbele ya Yezu juu ya kilele cha Hekalu: ni Shetani! Anaishika kama hirizi: jitupe tu, malaika watakupokea. Yezu akakataa. Hakukana ahadi ya Baba, alikataa kumjaribu.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe niliishika zaburi hiyo kama hirizi. Mtoto wetu wa tatu alipougua surua, niliisali usiku na mchana. Akafa. Jirani mmoja akaniuliza: «Mwalimu, Mungu wako alikuwa wapi?» Sikuwa na jibu. Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya wakatekumeni, mdomo umekauka.

Polepole Kitabu cha Danieli, sura ya 3, kilinisaidia. Vijana watatu walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwatoa katika tanuru; lakini hata asipowatoa, hawataisujudia sanamu yake. Hata asipowatoa! Neno hilo nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kulisikia.

Wao walitoka wazima. Mwenye heri Anuarite, binti wa nchi yetu, hakutoka hivyo. Waasi walimchukua pamoja na masista wenzake kutoka Bafwabaka mwishoni mwa Novemba 1964, naye akauawa kule Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake. Akamsamehe aliyempiga. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Je, Mungu alimtupa? Yezu, aliyekataa kuruka kutoka Hekaluni, hakushuka msalabani pia. Na Baba hakumwacha kaburini.

Jirani yule hajabatizwa. Jana jioni alituletea kuni za kuwapikia wageni. Zaburi ile tungali tunaisali nyumbani kila usiku, na mke wangu ndiye anayeianza.