Kuchomelea na Kulehemu: Istilahi za Karakana ya Uani



Mjadala wa istilahi vyuoni mara nyingi huanza na orodha ya maneno ya kigeni yanayotafutiwa visawe. Mhadhara huu unaanzia kwingine: katika karakana ya uani, kama zile ambamo hutengenezwa mageti na madirisha ya nondo huko Janga na kwingineko Kibaha na Kisarawe. Hoja yake ni kwamba fundi naye ni mtunga istilahi, na kwamba utunzi wake unafuata kanuni za lugha.

Msamiati wa karakana una matabaka matatu. La kwanza ni la uhunzi: nyundo na kitenzi kufua ni maneno ya Kibantu, nayo huandamana na fuawe, koleo na mivukuto. La pili lilikuja kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Karakana asili yake ni Kiajemi, kutokana na kar, yaani kazi, na khana, yaani nyumba. Lehemu limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuunga. La tatu ni la umeme, lenye maneno ya Kiingereza yaliyotoholewa, kama vile drili, grainda na weldingi.

Hata hivyo, neno lenye mafunzo zaidi halikutoholewa. Kutokana na choma hupatikana chomea, kisha chomelea, kwa kurudia kiambishi cha kutendea, kama ilivyo katika tupa, tupia na tupilia. Urudiaji huo huongeza maana ya kutenda hadi mwisho: kinachotupiliwa mbali hakitarajiwi kurudi, na kinachochomelewa hakitarajiwi kubanduka. Kutoka hapo yamepatikana mchomeleaji na uchomeleaji.

Kulehemu si kisawe cha kuchomelea. Katika kulehemu, metali laini huyeyushwa kati ya vipande ambavyo vyenyewe haviyeyuki. Katika kuchomelea kwa umeme, kingo za chuma huyeyuka pamoja na kijiti, zikaganda kuwa kitu kimoja. Waya wa redio hulehemiwa. Bawaba ya geti huchomelewa. Mfasiri asiyetenganisha vitenzi hivi humpoteza mwanafunzi wa ufundi.

Upungufu wa istilahi nao una madhara. Miwani nyeusi ni jina la miwani ya jua, na pia hutumiwa kwa kioo cha mchomeleaji. Kijana aliyeagizwa avae miwani nyeusi aweza kuvaa ile ya jua, isiyotosha kuzuia mwanga unaoruka kati ya kijiti na chuma. Mionzi ya urujuanimno huunguza konea, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, macho yakiwa kama yaliyotiwa mchanga. Kinachotakiwa ni ngao ya uso yenye kioo maalumu, kwa kawaida cha namba 10 hivi. Jina ngao ya kuchomelea lingeondoa utata huo.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina dhamana ya kusanifisha istilahi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina dhamana ya mafunzo. Kati yao anahitajika mwanaisimu atakayeketi karakanani, daftari mkononi, aandike maneno ya mafundi kabla ya kuwatungia mengine.