Kukagua Kichujio cha Hewa cha Lori: Hotuba kwa Wanachama



Huenda mwenzetu akauliza: karani ana shauri gani na injini ya lori? Shauri lake ni kubwa, nasi twaomba kulieleza kwa ufupi.

Injini haili mafuta peke yake. Yala na hewa. Lita 1 ya dizeli haiungui vema pasipo hewa ipatayo lita 10,000. Hewa hiyo yote hupita katika kichujio, ambacho mafundi hukiita eya klina. Wakati wa kiangazi malori yaendayo kuchukua pamba vijijini Magu, Kwimba na Misungwi hupita katika vumbi tupu. Na mchanga wa kwetu Mwanza hutokana na mawe ya itale. Chembe zake ni ngumu kupita chuma cha silinda. Zikipenya, husaga ringi na silinda kama tupa, hata lori likaanza kunywa oili na kukosa nguvu mlimani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi yafaa kukagua hivi. Injini izimwe, na kasha lifutwe nje kabla ya kufunguliwa. Kichujio cha karatasi kisibamizwe juu ya tairi, kama wafanyavyo wengi, wala kisioshwe kwa petroli. Ikiwa kitabu cha lori charuhusu kukisafisha, kipulizwe kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje. Kisha taa itiwe ndani yake mahali penye giza: ikionekana nukta ya mwanga, pana tundu, nacho hakifai tena. Kile kidogo cha ndani hakisafishwi; hubadilishwa tu. Mipira ya njia ya hewa na vifungo vyake vitazamwe pia. Na kwa lori lilalo kando ya ziwa, mdomo wa hewa utazamwe, usiwe umejaa wale wadudu wadogo warukao makundi kama moshi. Wala tusidhani kwamba kufungua kila siku ndiyo bidii. Kila kufungua ni nafasi ya vumbi kuingia.

Sasa twaja kwa karani. Aandikapo katika daftari la gari kwamba kichujio "kimesafishwa", hali hakuna aliyekitazama, ameandika uwongo kwa mkono wake. Injini ikifa, daftari litashuhudia kwamba kazi ilifanywa, na lawama itawaangukia dereva na utingo, ambao hawana karatasi ya kujitetea. Naye karani wa bohari azuiaye kichujio kipya ili kupunguza gharama, aokoa bei ya karatasi na kupoteza bei ya injini.

Kwa hiyo twawasihi wanachama walio katika karakana na bohari waandike tarehe, kilomita, hali iliyoonekana, na jina la aliyetazama. Jambo hili halihitaji cheo wala fedha, ila uaminifu, ambao ndio heshima ya kazi yetu.