Mji Uliopoa na Maneno Yake: Kazi ya Usam Ghaidan Lamu na Funzo Lake kwa Nachingwea



Mkazi wa Chiola, upande wa Nachingwea na Ruangwa, akifika mjini Nachingwea hukuta kata iitwayo Stesheni. Garimoshi halipo. Reli ya kutoka Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ilikosa mzigo baada ya mpango huo kuachwa mwaka 1951. Mapema katika miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Mji ulioandaliwa kuwa mkubwa ukapoa. Chuma kimeondoka, neno limebaki.

Lamu mambo yalikwenda kinyume. Huko reli iliyojengwa kwingine ndiyo iliyodhuru: ilipounganisha Mombasa na Ziwa Viktoria mwaka 1901, biashara ilizidi kuelekea Mombasa. Kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1907 nako kukavunja uchumi wa mashamba uliosimama juu ya jasho la watumwa. Majumba ya mawe yakabaki, wenyewe wakapungukiwa uwezo wa kuyatunza.

Mji huo ndio aliouchunguza msanifu majengo Usam Ghaidan. Kitabu chake juu ya Lamu kilitoka mwaka 1975, kikafuatiwa mwaka 1976 na ripoti ya uhifadhi aliyoihariri. Miaka kumi baadaye Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa mpango wa mji huo, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Ubora wa kazi ya Ghaidan ni kuutazama mji kama kitu kimoja: mtaa, kichochoro, nyumba na mkazi wake.

Nyumba ya Lamu husomwa kwa maneno yake. Mgeni hupokewa dakani. Baada ya kiwanda huja msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Na sakafu huinuka kadiri mtu anavyoingia katika faragha ya wenyeji. Nyuma kabisa ni nyumba kati, palipohusika na uzazi na kuoshwa kwa maiti. Hata sauti zina ushahidi: Kiamu husema tini na yuu, Kiswahili Sanifu kikasema chini na juu.

Hapa ndipo penye mtihani. Mwenyeji asiye na fedha hawezi kununua chokaa na boriti, nyumba huanguka. Akija mnunuzi tajiri, ukuta hupona, lakini mwenyeji huhama, na nyumba kati ikigeuzwa ghala au bafu, jina lake hukosa kazi. Uhifadhi unaolinda ukuta pasipo kumlinda mkazi huhifadhi ganda.

Funzo hilo lina uzito zaidi Nachingwea na vijijini kama Chiola, ambako nyumba ya udongo na miti haingoji karne mbili ipimwe na wasanifu. Sehemu zake, zana za kuijengea na mahali iliposimama vina majina, ya Kimwera na ya Kiswahili, na wanaoyajua vyema ni wazee. Mwanafunzi wa lugha hahitaji kibali cha kujenga ili aanze kuhifadhi. Anahitaji daftari, adabu ya kuketi na wazee, na kuwahi.