BUNDUKI NA HAKI YA RAIA
Hotuba kwa wafanyakazi wa Mutoshi



Nimeombwa niseme juu ya askari na haki ya raia. Nitatumia maneno mepesi, maana jambo lenyewe ni zito.

Kumbukeni kwanza Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waliacha kazi. Vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu, na mshahara hautoshi. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron alifika, na askari wa Force Publique wakapiga risasi. Watu makumi walikufa. Mmoja wao alikuwa Léonard Mpoyo, karani, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Sisi makarani tusisahau jina hilo. Kalamu haikumtenga na watu wa shimo.

Sasa nauliza: ni nani aliyefyatua bunduki zile? Vidole vilikuwa vyeusi, amri ilikuwa ya mzungu. Hapo ndipo penye siri ya utawala ule. Askari wengi walitolewa kwao, wakapelekwa kukaa kambini kati ya watu wasiojua lugha yao, ili siku ya amri wasiwaone kuwa ndugu. Na askari mwenyewe hakuwa na haki: alipigwa fimbo kama mfungwa. Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Lakini hata siku ya Uhuru, 30 Juni 1960, maofisa wa jeshi walikuwa wapata 1,000, wote wazungu.

Tarehe 5 Julai 1960 Jenerali Janssens aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja. Wakaasi. Serikali ya Lumumba ikamwondoa, ikamweka Victor Lundula, aliyekuwa meya huko Jadotville. Lakini tarehe 11 Tshombe alitangaza kuitenga Katanga, na jeshi lake jipya likapewa tena maofisa wa Ubelgiji. Kolwezi yetu ikawa ngome yake ya mwisho, mpaka askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia Januari 1963. Mei 1978 bunduki zilirudi tena, za waasi kutoka Angola na za askari wa Ufaransa. Kila mara raia aliulizwa yuko upande wa nani. Hakuulizwa anataka nini.

Rangi ya ofisa imebadilika. Je, amri imebadilika? Juni 2019 udongo uliwafukia wachimbaji wa mkono hapa Kolwezi, wakafa zaidi ya 40. Baada ya msiba huo wakatumwa wanajeshi kuwafukuza wenzao mgodini. Mwenye njaa alijibiwa kwa bunduki, kama mwaka 1941.

Wala tusimlaumu mzungu peke yake. Mwaka 1992 na 1993 jirani zetu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakingoja treni, na wengine walifia njiani. Waliofanya hivyo walikuwa weusi kama wao. Ubaguzi wa kabila ni mtoto wa ubaguzi wa rangi. Anayeukubali leo kwa jirani yake atauona kesho mlangoni pake.

Basi tufanye nini? Katiba ya 18 Februari 2006 inasema wazi. Kifungu cha 39 kinalinda haki ya kugoma. Cha 26 kinatupa haki ya kuandamana, tukiwaarifu wakubwa kwa barua. Cha 156 kinasema mahakama ya kijeshi ni ya wanajeshi na polisi, si ya raia. Vikateni vifungu hivi, mvibandike ukutani, mwafundishe watoto.

Na mkikutana na askari, msimtukane. Mwambieni: mshahara wako ukichelewa, mtoto wako naye analala njaa kama wangu. Kifungu cha 188 kinasema jeshi ni la taifa zima. Askari akilijua hilo, na mfanyakazi akilijua, hakuna mkubwa atakayewagombanisha tena katika uwanja wa mpira.

Uhuru na haki!