Sikio linaponyamaza

Msikilizaji, Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, wanaishi ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki. Mji ule una waendesha baiskeli wasioiweka stoo hata Januari.

Siku ya nyuzi 10 chini ya sifuri isiyo na upepo, aliyesimama kituoni anavumilia. Wa baiskeli anajitengenezea upepo wake: akienda kilomita 20 kwa saa, ngozi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Sikio ndilo linaloumia mapema. Ni gegedu na ngozi nyembamba tu, halina msuli wa kulitia joto. Kwanza linachoma, halafu linanyamaza, na hapo ndipo pa kuogopa. Maumivu yakikoma ghafla na ngozi ikapauka, usiseme limezoea. Shuka, ingia ndani, lifunike kwa kiganja kikavu chenye joto. Usilisugue, na mtu asikudanganye ulipake theluji.

Kofia nene ya kufuma, ile yenye kishungi, haifai chini ya helmeti. Inaiinua, na ukianguka helmeti haikai mahali pake. Tafuta kofia nyembamba ya sufu inayoshuka hadi kwenye ndewe. Ya pamba ikilowa jasho inakuganda kichwani.

Nawe uliyefika majuzi, unayeingia baridi yako ya kwanza, nakusihi: nunua kofia hiyo ya sufu kabla ya koti la pili. Ila isiwe nzito kiasi cha kutosikia basi linalokuja nyuma yako.