Tuandike Kilo, Tusiandike Gunia
Hotuba kwa wanachama waishio Dar es Salaam



Tumeombwa tueleze jinsi nyumba yetu ilivyorudi kula chakula cha kwetu Lushoto huku tukiishi hapa mjini. Sisi ni watu wa hesabu, kwa hiyo tutaanzia kwenye daftari la jikoni.

Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya ngano, mkate, chapati na maandazi vilianza kutula wenyewe. Ngano nyingi inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje, na bei yake hupangwa mbali na sisi. Tukaanza kidogo: siku mbili kwa wiki, chai ya asubuhi inywewe kwa magimbi au viazi vitamu. Watoto walinuna. Mmoja aliuliza kama tumefilisika.

Baadaye tukaagiza maharage kwa ndugu zetu upande wa Mlalo, kiroba kimoja kikija kwa basi. Vikafuata viazi mviringo na karoti. Mahindi tukawa tunasagisha dona wenyewe. Sasa makande ya Jumamosi, pamoja na parachichi, ndiyo yanayogombewa. Mkate bado tunanunua, na wali wa sikukuu hatuuachi. Mchele tunautoa Mombo, na Mombo tunaihesabu kuwa kwetu, wenzetu wa Korogwe watusamehe.

Lakini jambo kubwa tulilolipata si ladha. Tulipoagiza viazi kwa mara ya kwanza, tulitajiwa bei ya gunia. Tukauliza, gunia la kilo ngapi? Tukajibiwa, gunia ni gunia.

Ndiyo lumbesa hiyo, wote tunaijua. Utaratibu wa vipimo unataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Huko shambani linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa gunia moja. Likifika mjini linafunguliwa, viazi vinauzwa kwa kilo na kwa mafungu, na kile kilemba nacho kina bei. Sisi walaji tunakilipia, ila aliyelima hapati hata senti yake. Ofisini kwetu, mali ikitoka stoo bila ankara, mtu anaitwa kujieleza.

Hatusemi madalali ni wezi. Wanabeba hatari ya mzigo kuoza, na barabara zetu za milimani wakati wa masika mnazijua. Tunachosema ni kwamba mkulima asiye na mizani hana la kubishania.

Basi tukakubaliana na ndugu zetu tulipe kwa kilo, tukawapelekea mizani ndogo ya kuning'iniza. Haikukaa nyumba moja. Majirani walianza kuja kupima kabla mnunuzi hajafika. Mnunuzi mmoja aliondoka kwa hasira, wengine wakakubali kununua bila kilemba. Mizani ile lakini ni ya nyumbani, haiwezi kubeba mavuno ya kijiji, na mnunuzi ana haki ya kuitilia shaka.

Ndiyo maana mwaka huu chama kinachangisha fedha za banda la kukusanyia mazao, likiwa na mizani kubwa iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mchanganuo mnao mikononi. Tumeupitia mstari kwa mstari, na hakuna posho ya mtu ndani yake. Tunaomba kila kaya ichangie kiasi inachotumia kwa chakula cha wiki moja. Mwenye zaidi aongeze, mwenye kidogo asione haya. Kila mchango utapewa stakabadhi.

Mezani kwa mweka hazina kuna fomu mbili. Moja ni ya ahadi. Ya pili ni ya wanaotaka maharage na viazi vya mwezi ujao, tuviagize kwa pamoja ili nauli ya mzigo ipungue. Tafadhali andikeni kilo, msiandike gunia.