WAZEE WETU WALIPOKUWA VIJANA

(Maneno ya mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, kambi ya Nyarugusu)



Kamati iliniomba niseme juu ya kumbukumbu zetu. Wenzangu waliotangulia wamezungumza juu ya vita na safari, nami sitarudia. Mimi nitasema juu ya picha.

Mtoto aliyezaliwa katika kambi hii, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996, picha anayoijua zaidi ya mzazi wake ni ile ya uandikishaji: tazama mbele, masikio yaonekane, usicheke. Ndugu zetu wa mashirika, sisemi vibaya juu ya picha hiyo. Bila hiyo hakuna posho. Tena picha za namna hiyo zimewahi kuwarudisha watu. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 nchini Rwanda, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, na picha zikabandikwa makambini ili ndugu wapite, watazame, waseme, "Huyu ni wetu." Lakini mtoto anayemjua babu yake kwa picha ya kadi tu anadhani babu alizaliwa akiwa kwenye foleni.

Mvua za masika za mwaka jana zilitoboa turubai la nyumba ya mama yangu, tukatoa vitu vyote nje vikauke. Kulikuwa na kopo la Nido ambalo mama alilibeba kutoka Uvira mwezi Oktoba 1996, tulipokimbia kwa mtumbwi katika Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Miaka yote nilijua kwamba kopo lile ni la vyeti, na kweli ndani yake mlikuwa na kadi za ubatizo na karatasi za kiwanja. Chini kabisa, katika kipande cha kitenge, kulikuwa na picha saba. Nilimwuliza mama kwa nini hakutuonyesha. Akasema, "Nani aliniuliza?"

Moja ni ya baba, ina mhuri wa mwaka 1983. Amesimama katika studio ya Uvira, nyuma yake pazia lililochorwa minazi, mkono mmoja juu ya baiskeli. Amevaa abakosti ya mikono mifupi. Vijana hamjui vazi hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi yetu ilipokuwa inaitwa Zaire, Rais Mobutu alikataza suti na tai, akaamuru wanaume wavae koti lisilo na tai wala shati ndani. Amri hiyo ilidumu mpaka Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja na kuruhusu tai tena. Wanawake nao walikatazwa suruali na sketi fupi, ndiyo maana katika picha za miaka ile mama zetu wote wamejifunga vitenge. Kwa hiyo hata picha isiyoandikwa kitu nyuma yake ina namna ya kujitaja umri wake, mkiitazama vizuri.

Baba alikuwa na miaka 22, mwembamba, anafanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, na uso wake ni wa kijana anayejipenda sana. (Baiskeli haikuwa yake. Mama anasema ilikuwa ya mpiga picha, na kila kijana wa mtaa alipigwa nayo.) Sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa na mwanya. Nilipofikia umri wa kumtazama mtu kwa makini, meno yale ya mbele yalikwisha kung'oka, na baadaye tulimzika hapa hapa Nyarugusu.

Niliipeleka picha hiyo darasani. Chuoni tulifundishwa kwamba somo lianze na jambo linalojulikana, ndipo liende kwa lisilojulikana, nami nilidhani nimeshika linalojulikana: mwanaume, baiskeli, minazi. Mtoto mmoja wa darasa la tano akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, hii ni kambi gani?" Wenzake hawakucheka. Nao walikuwa wanangoja jibu.

Ndugu zangu, ni swali hilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Najua wengi wenu hamna hata picha moja. Mtumbwi ulikuwa umejaa, au nyumba iliungua. Na wapo waliozichana wenyewe njiani, kwa sababu picha ya kaka aliyevaa sare, au ya jirani wa upande mwingine, ingeweza kumwua mtu kwenye kizuizi. Hao hawakupoteza, walijiokoa. Kwao nasema: mwiteni mjukuu, mwelezeni picha iliyokuwa ukutani, nani alisimama, nani alikaa, nani alikataa kuacha kofia. Niliwapa wanafunzi wangu kazi hiyo, na msichana mmoja akaniletea kurasa mbili juu ya picha ya arusi iliyoungua miaka mingi kabla hajazaliwa.

Ndugu zetu Warundi waliokuja mwaka 2015, wakakwama Kagunga na kuvushwa na meli ya Liemba mpaka Kigoma, wengi wao walikuja na picha ndani ya simu. Simu ikiuzwa au ikifa, picha nazo zimekwenda. Wekeni nakala kwa ndugu wawili au watatu. Na familia zilizogawanyika, wengine wakahamishiwa Marekani kabla ya mpango ule kusimamishwa Januari 2025, zinajua taabu ya kopo moja na watoto sita. Siku hizi picha ya karatasi hupigwa picha kwa simu kabla ya mtu kuondoka. Ifanyeni kazi hiyo kabla ya siku ya kuagana, maana siku ile hakuna anayekumbuka.

Picha zenyewe zitunzeni mbali na moshi, unyevu na mchwa. Msizifute kwa kitambaa chenye maji. Majina yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli, bila kukandamiza. Na yaandikwe sasa, kwa sababu tunazika wazee, na kila tunapozika, nyuso kadhaa katika makopo yetu zinabaki bila mtu wa kuzitaja.

Hilo limekwisha kutufika. Picha ya saba nimeiacha makusudi mpaka hapa. Ni wasichana wanne kando ya ziwa, Kalundu. Wa kwanza ni mama mkubwa, ambaye tulipotezana naye mwaka 1996 na hatujamwona tena. Wa pili ni mama, nywele zake zimefungwa kwa uzi zikasimama kama miiba. Wa tatu ni jirani aliyeolewa Fizi. Wa nne ameshika redio, anacheka mpaka mkono umetikisika na kutoka na ukungu. Mama anakumbuka kwamba alikuwa fundi wa kusuka, na kwamba alikuja kwao kila Jumapili. Jina halimjii. Usiku namsikia akiyajaribu majina, moja baada ya jingine.

Picha ninayo hapa mfukoni. Baada ya ngoma nitakaa kwenye lile benchi chini ya mwembe mpaka jioni, na nakala itabaki kwenye ubao wa Kamati. Wamama mliokuwa wasichana wa Uvira, wa Kalundu, Mulongwe au Kavimvira, kabla ya mwaka 1985, nawaomba mpite mmtazame huyu wa nne.